Mume Wangu Ameanza Kuchota Maji

Juru, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda
Jumapili, baada ya ibada

Yaya, kaka yangu mkubwa Wilondja,

Barua hii uisome mwenyewe, ukiwa umekaa peke yako. Usimpe wifi akusomee, hata kama miwani yako imevunjika tena. Anayeileta ni Mama Sifa, yule mfanyabiashara wa vitenge anayetoka huku, anapita Bujumbura, anaingia Uvira na kushuka mpaka Baraka. Nitaifunga kwa uji mzito wa muhogo, na juu ya mfungo nitachora mistari mitatu kwa kalamu. Kama mistari haikutani sawasawa, ujue imefunguliwa njiani, na umuulize Mama Sifa vizuri, bila kumchekea.

Haya, sasa nikusalimu. U mzima? Mguu ule uliokuwa unavimba umepungua, au bado unaufunga kitambaa na kujidai umepona? Mpunga wa kule bondeni mmevuna, au maji yamewahi tena? Na watoto wako wa shule, bado unawafundisha sitini chumba kimoja? Huku kwetu mvua imekuja nusunusu. Maharage yametoka, mahindi yanasinzia. Neema amekua mrefu kunipita, na wadogo zake watatu wanakula kama nzige. Kwa hayo namshukuru Mungu.

Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya Baba Neema na inakaa mfukoni mwake. Siku hizi ikilia anatoka nje, anakwenda kusimama katikati ya mahindi. Wewe unamjua shemeji yako. Zamani akishika simu alikuwa anapiga kelele mpaka majirani wanajua tumekula nini. Sasa ananong'ona. Kwa hiyo nimechukua kalamu.

Yaya, kuna mambo dada hamwandikii kaka yake. Nayajua, nimelelewa nyumba moja na wewe. Utaona haya, na mimi naona haya, nimeshachana karatasi mbili. Lakini haya ndiyo iliyonichelewesha mpaka nikafika nilipofika, basi leo tuvumilie wote wawili. Nilikuwa nimeshaachana na mambo ya wanawake ya kila mwezi, nikashukuru kupumzika. Msimu uliopita, wakati wa kuvuna maharage, damu ikarudi. Ikawa inakuja inavyotaka yenyewe, leo kidogo, kesho nyingi, na maumivu chini ya kitovu.

Nikaenda kwenye kituo cha afya cha hapa Juru. Daktari wa pale ni Mnyankore, mwenyeji wa huku, anaongea Kiingereza na lugha yake, Kiswahili hana. Kwa hiyo wameweka mkalimani kwa ajili yetu Wakongo. Mkalimani mwenyewe anaitwa Espoir. Ni mtoto wa shemasi wetu, mwanaume mzima mwenye mke na watoto wawili, ndiye anayeongoza kwaya. Ananiita mama. Mke wake alipojifungua, mimi ndiye niliyemshika mgongo. Sasa niambie, Yaya, ningefunguaje mdomo mbele ya Espoir nikamwambia damu inatoka wapi? Jumapili anisimamie mbele ananiimbia, huku anajua?

Nikasema, "Tumbo linauma."

Wakanipa dawa ya minyoo. Nikarudi, nikasema tumbo bado. Wakanipa dawa ya minyoo nyingine, ya rangi tofauti. Mara ya tatu daktari aliniangalia sana, akasema jambo, Espoir akaniuliza, "Mama, ni tumbo tu? Hakuna kingine?" Nikajibu kwa ukali kwamba mimi si mtoto, najua tumbo langu. Hilo kosa ni langu, sitamsukumia mtu.

Nilianguka shambani. Majirani waliponiinua, nguo ikanisema yenyewe. Siku hiyo mkunga wa kituo, mwanamke, aliniingiza chumbani akafunga mlango, akaona. Akaandika karatasi ya rufaa kwenda hospitali kubwa ya Mbarara, na Jumanne iliyofuata nikapanda gari la kituo linalobeba wagonjwa, mimi, Baba Neema na Espoir.

Mbarara, Yaya, mtu anaingia hospitali kama anaingia sokoni. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Wenyeji wanaitwa kwa lugha yao, wanainuka, wanacheka na wauguzi, wanapita. Mimi likiitwa jina silitambui, maana wanalianza kwa nyuma. Nikaanza kujiuliza kama wananiruka makusudi. Huku makambini tunasikia mengi, kwamba hospitali za mjini zinachukua vitu kwa watu wasio na ndugu wa kuuliza. Mimi nilikuja nimejifunga kanga tatu.

Daktari alikuwa kijana. Nyuma yake wakaingia wengine sita, wavulana kwa wasichana, wenye makoti meupe na madaftari. Nikadhani wamepotea njia. Kumbe ni wanafunzi, wamekuja kuniangalia mimi. Kwetu hata mkunga aliyekuzalisha hakutazami ukiwa hivyo, anakutazama usoni, mikono inajua kazi yake. Hapa watu saba na muuguzi mmoja aliyebana midomo walinitazama, na Espoir amegeukia ukutani anasoma tangazo la chanjo tangu mwanzo mpaka mwisho. Sijui lilikuwa na maneno mangapi, lakini nadhani sasa analijua kwa moyo. Halafu daktari akakata kinyama kidogo, akakiweka kwenye kichupa, akabandika karatasi.

"Espoir," nikauliza, "nyama yangu banapeleka wapi?"

"Ni ya kupima, mama."

"Banapima na nini? Na ikibaki, nani anaikamata?"

Akarudi kwenye tangazo lake la chanjo. Nilirudi Juru nikiwa na hasira ya kichupa kile. Siku nyingi nilikiwaza kuliko hata maumivu.

Wiki kadhaa zikapita, tukaitwa kwenda kuchukua majibu. Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kama unavyowaambia watoto wako darasani. Daktari alivuta kiti akakaa karibu yangu. Alinitazama mimi machoni, hakumtazama Espoir wala Baba Neema. Akaongea taratibu, akanyamaza, akaongea tena, akachora kitu kwenye karatasi, mfano wa kibuyu kilichopinduliwa, akaweka alama mdomoni mwa kibuyu. Alisema kwa muda mrefu, kama mahubiri ya Pasaka. Alipomaliza, Espoir akakohoa.

"Mama, docta anasema uko na kidonda kidogo mu tumbo. Batakupatia dawa. Usiogope."

Nikangoja amalizie. Alikuwa amemaliza. Daktari akaniuliza swali, nikaona kabisa ni swali, nyusi zilipanda. Espoir akamtazama Baba Neema, Baba Neema akatazama viatu vyake, halafu Espoir akamjibu daktari. Akamjibu bila kuniuliza mimi! Nami, kwa kuwa daktari alikuwa bado ananitazama, nikatingisha kichwa kwa adabu, kama mtu aliyeelewa.

Tulipotoka nikamshika Espoir mkono. "Alikuuliza nini pale?"

"Aliuliza kama ulikula asubuhi, mama."

"Kuuliza kama nilikula, njo apandishe nyusi vile?"

Akacheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango. Njiani kote aliimba pole pole, nyimbo za kwaya, na Baba Neema alitazama ng'ombe wa watu dirishani kana kwamba anataka kuwanunua wote.

Tangu siku hiyo, Yaya, mume wangu akaanza kuchota maji.

Usicheke. Unajua tumeoana miaka mingapi. Huyu ni mwanaume ambaye hata tulipokuwa njiani tunakimbia, mtoto mgongoni kwangu na mzigo kichwani kwangu, yeye alibeba redio. Sasa naamka, madumu mawili yamejaa. Anasimama kwenye robine, bomba la maji, pamoja na wanawake, anasubiri zamu, wanawake wanazibana kanga midomoni.

"Baba Neema," nikamwambia, "batu banatucheka ku robine."

"Bacheke. Weye upumzike tu, mama. Mi niko na nguvu."

Nikajua mara moja: ana mwanamke. Anaponunua maziwa kule Endiinzi kwa wafugaji kuja kuyauza hapa, nikasema, huko huko ameona mtu, na sasa dhamiri inamsumbua, anailipa kwa maji. Nilinusa mashati yake yote. Yalinuka maziwa. Nilimuuliza kijuujuu kama huko Endiinzi wanawake ni wazuri, akasema hajawaangalia, ng'ombe ndio wanaompokea. Nikakosa pa kumshika. Lakini sikuacha kumwangalia.

Kisha wanawake wa kanisa wakaanza kuja. Leo huyu na ugali na samaki, kesho yule na sombe ya majani ya muhogo aliyoipika vizuri kuliko siku zote. Wote wanaongea kwa sauti laini. Mama shemasi, mke wa shemasi, ambaye tuligombana kwa mpaka wa shamba hata salamu hatupeani, alikuja akanifulia mashuka. Nikamuuliza ni kwa ajili ya nini. Akasema upendo. Upendo wa Mama shemasi, Yaya! Nililala na wasiwasi.

Ijumaa moja wakaja kunifanyia maombi nyumbani. Mchungaji akaomba, tumefumba macho. Akaombea mvua, akaombea amani ya nchi yetu, halafu akasema, "Baba, hawa watoto wa nyumba hii uwe baba yao na mama yao." Nikafumbua jicho moja. Mama yao si niko hapa nimepiga magoti? Nikakuta nusu ya watu wamefumbua macho vilevile, na wote wananiangalia mimi.

Hapo moyo ukanishuka, maana ule uso ninaujua. Niliwahi kuuvaa mimi mwenyewe. Unakumbuka mwaka ule mama alipoumwa? Uliporudi na majibu kutoka kwa madaktari ulitukusanya nyuma ya nyumba, ukasema mama asiambiwe, ukasema mimi ndiye nikae naye kwa kuwa mimi najua kuongea. Nikawa namwambia ni vidonda vya tumbo, mama, vitapona, kunywa uji. Namfulia, namtabasamia. Mpaka wiki ya mwisho alikuwa ananipangia tutalima wapi. Na kila mara nikimtabasamia alikuwa ananiangalia hivi, kimya, kidogo zaidi ya kawaida. Nilikuwa nasema ni ugonjwa unamfanya aangalie hivyo. Ijumaa ile, nimepiga magoti kwenye mkeka wangu, ndipo nikaelewa kwamba mama yetu alijua tunamdanganya, na hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Mimi ninayo miguu. Jumatatu nikamwambia Baba Neema nakwenda Isingiro kuuza maharage na kumwona rafiki yangu. Nilidanganya, ndiyo. Niliacha maharage kwa rafiki, nikapata gari mpaka Mbarara, peke yangu, na karatasi zangu zote nimezifunga kiunoni.

Pale kliniki nilimkuta muuguzi mmoja mnene, anaitwa Sista Kemigisha. Siku zile mbili nilizokuja alikuwa amesimama nyuma ya daktari, na mimi nilikuwa nimeshamhukumu kuwa ana dharau kwa wakimbizi, kwa sababu ya jinsi anavyobana midomo. Sikuwa najua kama ana Kiswahili. Kumbe anacho, kile chao cha polisi na sokoni, na mama kwao ni nyabo.

"Nyabo, wewe nakuja na nani?"

"Peke yangu."

"Ule kijana ya kutafsiri iko wapi?"

"Nimemuacha. Leo nimekuja na masikio yangu mwenyewe. Nataka kujua ninaumwa nini."

Akaweka kalamu chini. "Kwani wewe hapana jua?"

Nikamwambia nimeambiwa kidonda kidogo. Akafungua faili, akaangalia jina, akaniangalia mimi. Nami nikamwomba nione hilo jina, nikatoa kadi yangu ya ukimbizi nikalinganisha herufi kwa herufi, nisije nikabeba ugonjwa wa mtu mwingine. Aliningoja. Hata midomo hakubana.

"Sikia," akasema. "Mimi nasema kwa wewe ukweli, kama daktari nasema ile siku. Hii iko kansa. Iko hapa, kwa mlango ya kizazi. Lakini iko ndogo, hapana tembea bado. Daktari nataka kutoa kizazi yote, mbio. Yeye nauliza wewe, nakubali ao nakataa? Ule kijana najibu, familia nakwenda kufikiri kwanza. Sisi nangoja. Mwezi moja, miezi mbili. Sisi nafikiri wewe nakataa."

Nilikaa. Niliogopa, Yaya, nakuandikia wazi. Lakini chini ya ile hofu kulikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyoninyoosha mgongo. Miezi yote nimewashuku hawa Waganda, kichupa chao, madaftari yao, lugha yao. Hao ndio walioniambia, siku ile na leo, machoni, wakanichorea na picha. Walionificha wanakula sahani moja na mimi.

"Bambi," akasema Sista, ndiyo pole ya kwao, akanipa maji. Halafu, "Sasa wewe nakwenda kuuliza bwana?"

"Kwetu wanakaa wazee. Kaka yangu mkubwa anasema neno."

"Na yeye iko wapi?"

"Kongo."

Akatazama dirishani, kama anayepima umbali. "Nyabo, hapa kwa hii karatasi iko nafasi ya jina moja. Iko ya wewe."

Sikusaini palepale. Unanijua. Nilimwambia anisomee karatasi yote, mstari kwa mstari, na palipokuwa na neno gumu nikamrudisha. Nikamuuliza kizazi kikishatoka kinapelekwa wapi, akasema wanakipima kisha kinachomwa, nikasema wasimpe mtu. Akaapa. Nikamuuliza kama wale wanafunzi watakuwepo, akasema wawili tu. Nikasema wawe wasichana. Akaandika pembeni. Ndipo nikaandika jina langu. Wamenipa Jumanne ijayo. Akaniambia nije na mtu wa kunichunga, na godoro, na sufuria, na vyombo vya kulia, kwa sababu hospitali haipiki wala haioshi mgonjwa, kazi hiyo ni ya ndugu. Mgonjwa asiye na mtu, alisema, anapata taabu sana.

Nilipofika nyumbani Baba Neema alikuwa amekaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi. Sikumsalimu.

"Kansa," nikasema.

Mtu asiyejua angeuliza kansa ya nani. Yeye aliuliza, "Nani alikuambia?"

Sitaandika maneno yote niliyomtolea. Nilimwambia hata lile la redio. Aliniacha mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akaanza kulia, na mimi sijawahi kumwona analia, hata siku tunavuka mpaka.

"Minaogopa, Mama Neema."

"Unaogopa nini? Mwenye kupasuliwa ni mimi!"

"Minaogopa nyumba yenu. Bakikupasua ukafa, Wilondja atakuja kuniuliza, nani alikupa ruhusa ya kumupasua dada yetu? Nitamujibu nini? Mi niko mukwe. Njo maana nilimupigia simu siku ileile. Alisema nisikuambie, utakufa na hofu mbele ya wakati. Alisema tungoje kwanza wazee bakae. Espoir, ni mi nilimuomba. Ni mutoto wa kwetu, anajua desturi."

Basi ndiyo hivyo, Yaya. Haya yote niliyokuandikia tangu juu, ulikuwa unayajua. Nimekusimulia kana kwamba hujui, kwa sababu nilitaka angalau mara moja uyasikie yakitoka kwangu mwenye mwili. Miezi miwili umelala na ugonjwa wangu, umeamka nao, umekwenda nao shuleni, na mimi mwenyewe sikuwa nao. Wazee wamekaa? Wamekaa mara ngapi? Najua wale wazee wetu, mmoja yuko Uvira, mwingine amehamia Kalemie, wa tatu hasikii. Mngekaa lini?

Nimekukasirikia sana. Juzi nilikuwa nataka kukuandikia maneno ambayo karatasi hii ingeona haya kuyabeba. Leo kanisani yamepungua. Najua hukufanya kwa ubaya. Najua umelia peke yako, kwa sababu ndivyo ulivyofanya kwa mama, ulikuwa unakwenda mtoni unarudi macho mekundu unasema ni moshi. Unadhani kumficha mgonjwa ni kumbebea. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini nimekaa upande ule wa pili sasa, upande wa mama, nakwambia kutoka huku, Yaya: hakubebewi kitu. Unaachwa peke yako katikati ya watu wanaokuchekea.

Espoir nimemwita baada ya ibada. Nilimwambia nyimbo aongoze yeye, ugonjwa wangu anirudishie. Alisema, "Mama, lile jina nilishindwa kulitamuka mbele yako. Hata mama yangu nisingemuambia." Nikamwambia mama yake basi asiugue. Alishtuka, kisha tukacheka kidogo wote wawili, kicheko kibaya. Jumanne hataingia na mimi chumbani. Nimemwomba mkunga yule wa kituo anitafutie mwanamke, na kama hakuna, Sista Kemigisha anatosha na Kiswahili chake cha polisi.

Sijasema kwamba sasa nawaamini. Bado naona yule daktari ni mdogo mno kushika kisu. Bado najiuliza kwa nini watu wawili walioingia kabla yangu walitoka na bahasha na mimi sikupewa bahasha. Nitauliza. Nikizinduka nitauliza tena.

Sasa sikiliza neno ninalokuandikia barua hii. Sikuombi ruhusa. Mama Sifa anaondoka kesho, na mpaka akufikie mimi nitakuwa nimeshapasuliwa, kupona au kuzikwa. Nakuandikia kwa sababu ya Baba Neema. Mpaka jana usoni kwake niliona haendi, anaogopa ninyi kuliko anavyoogopa kansa. Kwa hiyo nasema hapa, mimi Riziki, binti wa baba yako na mama yako, mwenye akili zangu: nimejikubalia mwenyewe kupasuliwa. Mume wangu hakunilazimisha wala hakunitoa nipasuliwe. Nikifa, kaka zangu msije kumuuliza neno, msimkatalie watoto, msimkalishe kikao, na msibani apewe nafasi yake ya mkwe kama ilivyo. Maneno haya nimeyaandika mara mbili. Nakala moja unayo mkononi, nyingine nimempa yeye aiweke na kadi yake ya ukimbizi. Mkimdai, ataitoa, nanyi mtajibizana na mwandiko wangu.

Nisalimie shangazi Nyota, dada wa baba, na usimwambie nina shida kidogo. Mwambie nina kansa, umwambie na mahali ilipo, yeye ni mtu mzima na amezaa mara tisa. Msalimie mjomba Etabo, kaka wa mama, umsomee habari hii kwa sauti kubwa maana hasikii. Nisalimie wifi yangu, mke wako, sasa unaweza kumwambia kwamba barua hii aisome. Na mdogo wetu Amisi, aache kunywa. Wakisimama kanisani kuniombea wataje ugonjwa kwa jina lake, Mungu asije akaanza kuuliza ni Riziki yupi.

Nafunga hapa, kwa sababu Mama Sifa amemtuma mtu kuifuata. Baba Neema ameisoma nakala yake mara mbili, akiwa amekaa mlangoni. Halafu ameingia ndani akakunja godoro, akalifunga kwa kamba. Ametoa sufuria, ametoa mkaa. Mimi naandika huku namwangalia kwa pembeni, maana godoro mtu anaweza kumfungia mwenzake aende nalo peke yake. Sasa anafunga vyombo ndani ya kitambaa. Nimenyoosha shingo, nikahesabu.

Ameweka sahani mbili.

Ni mimi mdogo wako, uliyenishika mkono kuniandikisha herufi za kwanza,
Riziki, Mama Neema